Maji Yasiyotaka Kuganda

SOMO LA REDIO KWA WATU WAZIMA: SAYANSI NA HISTORIA YAKE

  Ninyi mnaoyasoma maneno haya yaliyopigwa chapa, badala ya kuyasikia redioni, someni polepole, na kiongozi wa kikundi asione vibaya kusimama kila mara mtu anapotaka kuuliza. Baadaye mtaona kwa nini nasema hivyo, maana somo la leo lina habari ya kijana mmoja wa nchi hii aliyeuliza swali akachekwa.

Leo tutazungumza juu ya maji na barafu. Tutaanzia hapa kwetu Arusha, chini ya Mlima Meru. Kisha tutakwenda Uholanzi ya zamani kuitazama chupa moja ya maji ya mvua. Kutoka huko tutarudi Magamba, Lushoto, penye friji ya shule. Mwisho tutaurudia mlima wetu.

Mawe kutoka mbinguni

Wewe uliyeko Tengeru, Nkoaranga, Sokon au Olmotonyi, bila shaka umepata kuiona mvua ya mawe, au umesimuliwa habari zake na wazee. Wingu jeusi linapanda, upepo wa baridi unashuka ghafula, na mara mabati yanaanza kulia. Kwa robo saa tu majani ya migomba yamechanika kama vitambaa, maua ya kahawa yamepukutika, na maharage yaliyopaliliwa kwa wiki nyingi yamelala chini. Kisha jua linawaka. Mawe yanayeyuka, na mkulima anabaki na maji matupu miguuni pake na hasara shambani.

Basi nakuuliza: ni kitu gani kilichoyagandisha maji hayo? Utanijibu mara moja, "Ni baridi." Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu tu ya jibu.

Tazama hesabu hii. Mji wa Arusha uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mtu apandapo mlima, hewa hupoa kwa kadiri ya digrii sita hivi za Sentigredi kwa kila mita 1,000. Siku ambayo mjini ni digrii 20, kilele cha Meru, chenye urefu upitao mita 4,500, kina digrii moja au mbili tu. Ndiyo sababu wapandaji wanaofika huko alfajiri mara nyingi huikuta sakitu juu ya mawe. Wingu la mvua kubwa hupanda juu zaidi ya kilele hicho, hata mara mbili ya urefu wake. Huko ndani yake ni baridi kali, chini sana ya sifuri.

Sasa jambo la ajabu ni hili. Ndani ya wingu hilo, penye digrii 10 chini ya sifuri, matone mengi sana bado ni maji. Hayakuganda. Shuleni tulifundishwa kwamba maji huganda kwenye digrii sifuri, na hapa tunaambiwa yamevuka sifuri yakaendelea kuwa maji. Je, tulidanganywa? Hatukudanganywa, ila kuna neno moja lililoachwa. Ili tulijue neno hilo, twende kwanza kwa mtu aliyefanya kazi ya kutengeneza vipimajoto.

Chupa ya Fahrenheit

Mtu huyo aliitwa Daniel Gabriel Fahrenheit. Alizaliwa mwaka 1686 katika mji wa Danzig, akafanya kazi yake Uholanzi. Kipimo cha joto kinachotumiwa Marekani mpaka leo kinaitwa kwa jina lake.

Mwezi wa Machi mwaka 1721 Fahrenheit alichukua tufe dogo la kioo, akatia maji ya mvua kiasi cha nusu, akaondoa hewa, kisha akaliziba kabisa. Akaliacha usiku kucha katika baridi ya digrii 15 za kipimo chake, yaani zaidi ya digrii 9 chini ya sifuri kwa kipimo chetu. Asubuhi alikwenda kulitazama, naye alitazamia kukuta barafu. Akakuta maji. Akalivunja shingo lile tufe ili hewa iingie, na hapo hapo vipande vyembamba vya barafu vikaenea katika maji yote mbele ya macho yake. Baadaye aliona ya kuwa hata mtikisiko waweza kuyagandisha maji ya namna hiyo. Habari hizo alizichapisha mwaka 1724.

Katika somo hili tutayaita maji hayo "maji yaliyochelewa kuganda". Ni maji halisi, yanamiminika kama maji ya kisimani, lakini ubaridi wake umepita kipimo cha barafu.

Kwa nini huchelewa? Maji yamefanywa kwa chembe ndogo mno ziitwazo molekuli. Katika maji ya kawaida, chembe hizo huzungukazunguka na kubadilishana mahali daima, kama watu sokoni. Katika barafu kila chembe ina nafasi yake maalumu, na zote zimepangwa kwa ufundi. Kwa hiyo kuganda si kupoa tu. Ni kujipanga, na mpango wowote hutaka mwanzo. Mfumaji wa kikapu anajua kwamba kazi iliyo ngumu ni kitako. Kitako kikiisha kukaa vizuri, ukuta wa kikapu hufuata. Chembe chache za maji zikijipanga peke yake, mara nyingi hutawanyika tena kabla mpango haujawa mkubwa wa kutosha kujishika. Lakini zikikuta vumbi linalofaa, au kipande kidogo cha barafu, au pengine mkwaruzo katika chombo, hupata mahali pa kuanzia. Hiyo ndiyo mbegu ya barafu.

Basi neno lililoachwa shuleni ni hili: kwenye digrii sifuri maji *yanaweza* kuganda, endapo yatapata pa kuanzia. Yasipopata, yataendelea kungoja. Matone madogo sana ya maji safi hungoja mpaka karibu digrii 38 chini ya sifuri, ndipo hujiganda yenyewe bila mbegu yoyote.

Ujue pia jambo jingine. Maji yanapoganda hutoa joto. Maji yaliyochelewa yakianza kuganda, hupanda ghafula kurudi kwenye sifuri. Kwa hiyo maji yaliyokuwa digrii 8 chini ya sifuri hayawi barafu yote kwa mara moja; sehemu kama moja katika kumi ndiyo hugeuka papo hapo, na yaliyosalia sharti yangoje joto hilo liondoke kwanza.

Shika mambo hayo mawili, mbegu na joto. Tutayahitaji Magamba.

Aiskrimu ya Magamba

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka katika friji kwenye sehemu ya kugandishia. Nafasi ilikuwa ndogo na watoto walikuwa wengi, hivyo aliyechelewa alikosa.

Siku moja mwenzake, akiogopa kukosa nafasi, alichanganya sukari na maziwa yasiyochemshwa akayawahisha ndani. Mpemba alikuwa amekwisha kuyachemsha ya kwake, naye aliona ya kuwa akingoja yapoe nafasi itakwisha. Akaamua kuyatia yakiwa ya moto, ingawa alijua kwamba kufanya hivyo kwaweza kuiharibu friji. Baada ya saa moja na nusu hivi wakarudi. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Akamwuliza mwalimu wa fizikia: imekuwaje ya moto yakatangulia kuganda? Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Mpemba akalikubali jibu. Lakini baadaye mjini Tanga alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu, naye akamwambia kuwa huanza na maziwa ya moto kwa sababu huganda upesi. Basi, ndugu msikilizaji, jambo lililokataliwa darasani lilikuwa linajulikana kwa wauza aiskrimu.

Mpemba alifaulu, akaenda Shule ya Mkwawa, Iringa. Huko walipofundishwa habari za joto na kupoa, akauliza tena. Akajibiwa vilevile kwamba amekosea, na alipozidi kushikilia akaambiwa kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku ile, alipokosea hesabu, wenzake walisema hayo ni mahesabu ya Mpemba. Nadhani kila mmoja wetu anajua namna utani wa darasani unavyoweza kumnyamazisha mtu kwa maisha yake yote.

Yeye hakunyamaza. Siku moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi, akachukua vyombo viwili vilivyo sawa, akatia maji ya bomba katika kimoja na maji ya moto katika kingine, akaviweka penye kugandishia. Baada ya saa moja barafu ilikuwa nyingi zaidi katika kile kilichoanza na maji ya moto.

Kisha akaja mgeni shuleni, Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alipomaliza mazungumzo yake, wanafunzi wakaruhusiwa kuuliza. Mpemba akasimama. Akasema: vyombo viwili vinavyofanana, maji kiasi kimoja, kimoja digrii 35 na kingine digrii 100, vyote vikitiwa katika friji, kile cha digrii 100 hutangulia kuganda, kwa nini? Wenzake waliona ameitia shule aibu. Osborne alimwuliza kama kweli amelijaribu. Mpemba akasema ndiyo. Osborne akakiri kwamba hajui sababu, akaahidi kulijaribu akirudi Dar es Salaam.

Ahadi hiyo aliitimiza. Alimpa kazi hiyo fundi wake wa maabara. Fundi akarudi na habari kwamba maji yaliyoanza ya moto ndiyo yaliyotangulia, akaongeza kuwa atarudia na kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi. Walirudia, na jambo lile likaonekana tena. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika pamoja makala katika jarida la waalimu wa fizikia la Uingereza. Wakati huo Mpemba alikuwa anasoma katika Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, chini ya Kilimanjaro, safari fupi tu kutoka hapa Arusha. Alifanya kazi ya wanyamapori baadaye, lakini jina lake linatajwa hata leo katika vyuo vya fizikia duniani kote.

Sababu yake ni nini?

Mpemba hakuwa mtu wa kwanza kuliona jambo hili. Aristotle, mwanachuoni wa Uyunani zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alilitaja. Francis Bacon wa Uingereza na René Descartes wa Ufaransa walilitaja pia katika miaka ya 1600. Kisha wataalamu wakalisahau, mpaka swali la mwanafunzi lilipolirudisha.

Na sababu? Hapa sharti niseme nawe kwa uaminifu. Zimetajwa sababu nyingi. Maji ya moto hupungua kwa kutoa mvuke, hivyo yanayobaki kugandishwa ni machache. Maji yaliyochemshwa hupoteza hewa iliyomo ndani yake. Chombo cha moto huyeyusha sakitu iliyo chini yake kikagusana vizuri zaidi na bati baridi la friji. Maji ya moto huzunguka zaidi ndani ya chombo.

Mwaka 1995 mtaalamu wa Ujerumani, David Auerbach, alichapisha majaribio yaliyotazama jambo letu la leo, yaani maji yaliyochelewa kuganda. Katika majaribio yake maji yaliyoanza ya baridi yalielekea kupita sifuri na kushuka chini zaidi kabla ya kuganda, na yaliyoanza ya moto yalielekea kuganda mapema zaidi, karibu zaidi na sifuri. Sasa umeona? Maji ya baridi huweza kufika sifuri kwanza, na bado yakachelewa kuwa barafu, kwa kuwa hayajapata pa kuanzia. Lakini Auerbach hakupata matokeo hayo kila mara. Kuanza kwa barafu kuna bahati ndani yake: vyombo viwili unavyoviona sawasawa huenda kimoja kina chembe ya vumbi ambayo kingine hakina.

Tena mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, waliuliza swali lililo jembamba zaidi: maji ya moto hutangulia *kufika sifuri*? Walipima kwa uangalifu, wakasema hawakupata ushahidi wa kuaminika. Walionyesha pia kwamba kukosea mahali pa kipimajoto kwa sentimita moja tu kwaweza kumfanya mtu aamini ameliona jambo ambalo halipo. Lakini kufika sifuri na kuwa barafu ni mambo mawili, kama tulivyojifunza kwa Fahrenheit. Mpemba hakusema habari za kipimajoto kufika sifuri. Alisema habari ya maziwa yaliyoganda.

Kwa hiyo swali halijafungwa. Nalo limezaa mengine. Mwaka 2020 wataalamu wa Kanada walionyesha, kwa chembe ndogo zinazoelea majini na kuongozwa kwa mwanga wa leza, kwamba kitu kilichoanza na joto zaidi chaweza kutangulia kupoa. Na jambo hilo wakaliita kwa jina la Mpemba.

Turudi juu ya Meru

Sasa tulirudie wingu letu. Matone yake yamechelewa kuganda, yanangoja mbegu. Ikitokea chembe ya barafu kati yake, matone hayo huigonga na kuganda juu yake, tabaka kwa tabaka. Upepo mkali upandao ndani ya wingu huishikilia juu, nayo huzidi kunenepa, mpaka inakuwa nzito mno kwa upepo kuibeba. Hapo huanguka juu ya maharage yako. Siku nyingine ukilipasua jiwe kubwa la mvua kwa kisu, litazame ndani: huenda ukayaona hayo matabaka, meupe na maangavu, kama ya kitunguu.

Mwaka 1946, kule Schenectady, Marekani, Vincent Schaefer alikuwa na sanduku la baridi, ndugu wa friji ile ya Magamba. Alipumua ndani yake pakatokea wingu dogo la matone yaliyochelewa kuganda. Siku moja ya joto mwezi wa Julai aliona sanduku halina baridi ya kutosha, akatia kipande cha barafu kavu, ambayo ni hewa ukaa iliyogandishwa, yenye baridi ya digrii 78 chini ya sifuri. Mara wingu lote likageuka vipande vya barafu vinavyometameta. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule alimwaga barafu kavu kutoka katika ndege juu ya wingu la kweli, na theluji ikatokea. Mwenzake, Bernard Vonnegut, aligundua kuwa chumvi moja ya fedha, ayodidi ya fedha, hufaa kwa kazi hiyo, kwa kuwa mpangilio wa chembe zake unafanana na wa barafu.

Wakulima wakasikia. Wakasema: tukilipa wingu mbegu nyingi, maji yatagawanyika katika mawe mengi madogo, nayo yatayeyuka kabla ya kufika chini. Jirani zetu wa Kericho, Kenya, ambao mashamba yao ya chai hupigwa na mvua ya mawe mara nyingi kuliko karibu mahali pengine popote duniani, walijaribu katika miaka ya 1960, kwa maroketi na kisha kwa ndege zenye ayodidi ya fedha. Mpaka leo wataalamu wa hali ya hewa hawajakubaliana kwamba njia hiyo inafaa kweli, maana hakuna ajuaye wingu lile lingefanya nini kama lingeachwa. Mwaka 1982 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba vumbi la majani makavu ya chai ya Kenya ni mbegu nzuri ya barafu. Huenda basi shamba lenyewe, likikanyagwa na wachumaji, linalipelekea wingu mbegu zake.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, mtu akija kwako akidai fedha ili azuie mvua ya mawe, mwulize alivyofanya Osborne kwa Mpemba: umelijaribu? Mara ngapi? Na shamba ambalo hukulitilia dawa lilipatwa na nini?

Jambo la kujaribu

Chukua chupa ya plastiki ya maji safi ambayo haijafunguliwa. Usitumie ya kioo, isije ikapasuka. Ilaze katika friji ya kugandishia, na baada ya saa mbili uitazame kila robo saa. Ukiikuta bado maji, itoe taratibu, kisha uigonge mezani. Ukibahatika utaiona barafu ikitembea ndani yake, kama alivyoiona Fahrenheit. Usipobahatika, rudia.

Maswali ya kikundi

1. Kwa nini tunasema kupoa na kuganda ni mambo mawili?
2. Kikundi kitoe vyombo viwili, kimoja cha maji ya moto na kimoja cha maji ya kawaida. Mtahakikisha nini kiwe sawa kabla ya kuvitia katika friji? Kumbukeni kwamba hapa Arusha, kwa sababu ya urefu wa nchi, maji huchemka kiasi cha digrii 95, si 100.
3. Ni jambo gani mnalojua kwa kazi zenu, shambani, jikoni au kiwandani, ambalo hamjapata kulisikia darasani?

Swali hilo la tatu msiliruke. Na mwenzenu akisimama kulijibu, msimcheke kabla hamjalijaribu alilosema.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.